Sehemu ya 11: Mistari miwili bila mtoto

Leo maelezo ni marefu, mtanisamehe. Laza mtoto kwanza, jimiminie chai, halafu rudi usome kwa utulivu.

Niliahidi kwamba wiki hii tutazungumza chanjo ya surua ya miezi tisa. Chanjo itasubiri Jumapili. Juzi nikiwa zamu ya usiku mama mmoja aliniandikia hivi (nimemwomba ruhusa, na jina lake linabaki kwangu):

"Nesi, mimba yangu iliharibika nikasafishwa wiki nane zilizopita. Jana nimepima mkojo, mistari miwili, tena imekolea. Mume wangu amefurahi kupita kiasi. Mimi nina wasiwasi, kwa sababu damu haijakata vizuri tangu siku ile. Hii ni mimba nyingine au ni nini?"

Nilikuwa nimesimama. Nikavuta kiti nikakaa. Miaka tisa iliyopita mwanamke huyo nilikuwa mimi, na nilikuwa nesi tayari, na bado nilifanya makosa ambayo yangenigharimu maisha. Sijawahi kuyasimulia hapa. Leo nayasimulia.

1. Machungwa ya Muheza

Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba na sebule huku Raskazone, nyumba ya uani, dirisha linatazama mwembe na kwa mbali unaiona bahari. Mume wangu alikuwa akinipeleka kazini kwa baiskeli, si mnatujua watu wa Tanga. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu kwenye ndoa. Siku niliyoona mistari miwili nilimwamsha kabla ya adhana ya alfajiri.

Mimba ile ilikuwa kali. Nilitapika hadi maji. Kitu pekee kilichokaa tumboni ni machungwa ya Muheza, na mama mkwe wangu akawa ananiletea kapu zima akisema, "Kula mwanangu, huyo ni dume, madume ndiyo yanavyosumbua." Wiki ya kumi tumbo langu lilikuwa kama la miezi minne. Wifi zangu wakasema mapacha. Moyo ulikuwa unanienda mbio hata nimekaa, na mikono inatetemeka nikishika sindano. Nikasema ni uchovu wa zamu za usiku.

Halafu nikaanza kutoka damu, kidogo kidogo, ya rangi ya kahawia kama chai iliyokolea majani.

Kwenye ultrasaundi daktari alinyamaza. Mama, wewe uliyewahi kulala kwenye kile kitanda unajua daktari akinyamaza inakuwaje. Akageuza kioo nikaona mwenyewe. Hakukuwa na mtoto. Kizazi kilikuwa kimejaa vitone vyeupe, kama chenga za runinga isiyo na antena. Nilikuwa nimesoma chuoni, nilijua jina lake. Mimba zabibu.

2. Zabibu zenyewe ni nini

Hapa nataka twende taratibu, kwa sababu mtaani jambo hili lina maneno mengi. Utasikia ni jini. Utasikia ni hasadi, mtu kakutazama vibaya. Utasikia mwanamke aliwahi kutoa mimba. Mimi mwenyewe, pamoja na cheti changu ukutani, niliulizwa kama nilikula nini.

Mimba ya kawaida inaanza kwa yai la mama na mbegu moja ya baba, kila mmoja akileta nusu ya urithi. Kwenye mimba zabibu kamili, yai linakuwa halina kitu cha mama ndani yake. Mbegu ya baba inaingia, inajirudufu, na kinachoota kina urithi wa baba peke yake. Mtoto haumbiki hata kidogo. Linaloota ni kondo la nyuma tu, na vile vidole vidogo vya kondo vinavimba maji, vimeshikana kama kichala cha zabibu. Ipo na aina ya pili, nusu zabibu, ambapo mbegu mbili zinaingia kwenye yai moja. Hiyo inaweza kuwa na mwanzo wa mtoto, lakini mtoto huyo hawezi kukua.

Hutokea mara moja hivi katika mimba mia tano hadi elfu moja, na wenye umri mdogo sana au waliopita miaka arobaini wamo hatarini zaidi. Ni bahati mbaya ya siku ile ya kwanza kabisa, kabla hujajua kama una mimba. Chakula hakiileti. Baiskeli hailet̀i. Wifi haileti. Na mume asinyooshewe kidole kwa kuwa urithi ni wake, maana hata yeye hakuchagua.

3. Kanga na jina lake

Sasa kile kipimo cha mkojo. Wengi wetu tunaamini kinampima mtoto, lakini mtoto hakioni kabisa. Kinachoonwa na kile kijiti ni homoni inayoitwa HCG. Ni protini iliyovaa sukari, inatengenezwa na seli za kondo na kumwagwa kwenye damu ya mama, halafu inatoka na mkojo. Kazi yake ya mwanzo ni kuuambia mwili wako, "Usilete hedhi mwezi huu, kuna mgeni." Katika wiki za mwanzo inaongezeka karibu maradufu kila siku mbili tatu, inafika kileleni kati ya wiki ya nane na ya kumi na moja, halafu inashuka na kutulia.

Protini hii ina vipande viwili, alfa na beta. Mimi hupenda kuwaeleza wanafunzi wangu kwa kanga. Chukua kanga nne zenye pindo moja na rangi moja. Ukiziona zimekunjwa huwezi kuzitofautisha. Lakini zikunjue: kila moja ina jina lake. Kipande cha alfa ni lile pindo, kiko vilevile kwenye HCG na kwenye homoni nyingine tatu, ikiwemo inayoamrisha tezi ya shingo. Kipande cha beta ndicho jina la kanga. Ndiyo maana kwenye karatasi ya maabara wanaandika "beta HCG": wamesoma jina, hawakuishia kwenye pindo.

Na sasa mnaelewa moyo wangu ulikuwa unakimbilia wapi. HCG ikizidi mno, tezi ya shingo inaichanganya na homoni yake, maana pindo ni moja, nayo inaanza kufanya kazi kupita kiasi. Jasho, mikono kutetemeka, mapigo ya moyo. Haukuwa uchovu wa zamu.

Mwanamke asiye na mimba HCG yake huwa chini ya 5. Mimi siku ile ilikuwa 214,000.

Jambo la ajabu zaidi: ikiwa nyingi kupindukia, kijiti kinaweza kuzidiwa kikaonyesha mstari hafifu, au kisionyeshe kabisa. Maabara wanajua dawa yake, wanauzimua mkojo au damu wapime tena. Kwa hiyo dalili zote za mimba zikiwepo, damu inatoka, na kijiti kinasema hapana, usiishie duka la dawa. Nenda hospitali.

4. Wiki tano nzuri

Nilisafishwa. Hospitali sitaitaja, walinifanyia vizuri. Daktari wa kina mama alinikalisha chini na kuniambia mambo mawili ambayo nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu ndiyo niliyokuja kuyavunja.

La kwanza: "Kila wiki utapima damu, mpaka ishuke iwe ya kawaida mara tatu mfululizo. Kisha kila mwezi kwa miezi sita." La pili: "Katika muda wote huo usibebe mimba. Tumia uzazi wa mpango."

Kwa nini? Kwa sababu kizazi kikishasafishwa, mabaki madogo ya zile seli yanaweza kubaki yamejichimbia kwenye ukuta. Mara nyingi yanakufa yenyewe. Lakini kwa wanawake kama 15 hadi 20 katika kila 100 waliopata zabibu kamili, hayafi. Yanaendelea kuota, na baadhi yanageuka saratani ya kondo, inayosafiri kwa damu hadi mapafuni, hata kwenye ini na ubongo. Na seli hizo, popote ziendapo, haziachi tabia yake ya kumwaga HCG. Mwizi anatembea na kengele shingoni. Sisi tunachotakiwa ni kuisikiliza tu.

Nikawa naenda. Wiki ya kwanza 18,600. Ya pili 2,940. Ya tatu 610. Ya nne 240. Nilikuwa nayaandika nyuma ya kadi ya kliniki kwa kalamu nyekundu. Wiki ya tano: 231.

Sikilizeni nilivyojidanganya. Nilisema, kutoka laki mbili na ushee hadi 231, nimepona. Nilikuwa nakula vizuri, nimenenepa, tumbo limerudi. Wiki ya sita nilikwenda nikaambiwa kitendanishi kimeisha, nirudi Alhamisi au niende maabara binafsi. Alhamisi nilikuwa zamu. Maabara binafsi ni hela. Na ukweli wa ndani kabisa ni kwamba nilichoka kukaa kwenye lile benchi na wajawazito, kila mtu ananiuliza, "Wewe una miezi mingapi?"

Sikurudi. Na uzazi wa mpango nao niliuacha, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshaanza kuhesabu miezi kwa sauti, na mimi nilitaka mtoto kuliko yeye alivyomtaka.

Angalieni tena ile namba. Kutoka 2,940 hadi 610 imeshuka. Kutoka 610 hadi 240 imeshuka. Kutoka 240 hadi 231? Hapo haikushuka, ilisimama. Wiki moja ya kusimama peke yake haitoshi kusema ni ugonjwa. Madaktari wanataka waone imesimama kwa vipimo vinne ndani ya wiki tatu, au inapanda kwa vipimo vitatu ndani ya wiki mbili. Lakini ndiyo maana unarudi wiki inayofuata. Mimi nilifunga kitabu kwenye ukurasa uleule ambao hadithi ilikuwa inageuka.

5. Biriani ya bure

Wiki kumi zikapita. Damu ikawa inatoka siku mbili, inakata, inarudi. Asubuhi moja kichefuchefu. Nikapima. Mistari miwili.

Nyumba ililipuka kwa furaha. Mama mkwe alilia, akanishika kichwa akanisomea dua. Ijumaa ile ilipikwa biriani, majirani wakaletewa sahani. Mume wangu alinipeleka ufukweni jioni, tukakaa chini ya mkungu tukitazama ngalawa zinavyopita mbele ya kisiwa cha Toten, akaanza kuhesabu mtoto atazaliwa mwezi gani. Mimi nikawa naitikia. Lakini mkono wangu ulikuwa mfukoni umeishika ile kadi yenye namba nyekundu, na namba ya mwisho ilikuwa 231.

Jumatatu nikaenda kazini mapema, nikamfuata sista mkuu wa wodi yetu, mama mtu mzima ambaye sasa amestaafu. Nikamwonyesha kadi. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Binti, ulipofika mia mbili ukaishia hapo, nani alikuambia umefika?"

Ultrasaundi: kizazi kitupu. Kwenye ukuta mahali fulani damu ilikuwa inazunguka kwa wingi kuliko kawaida. HCG 7,900, namba ambayo kama ni mimba ya tumboni ilitakiwa ionekane. Ikabidi watafute kama imetunga nje ya kizazi, wakanipima tena, ikawa 9,400. Kwa kuwa sikutumia uzazi wa mpango, siku zile zote walikuwa hawawezi kusema kwa hakika kama wanachokiona ni mimba au ni ugonjwa. Hilo ndilo lengo la kukukataza kubeba mimba, mama. Hakuna anayekunyima mtoto. Mimba mpya nayo inatoa HCG, sawasawa na seli mbaya, na kengele mbili zikilia pamoja hujui ipi ya mwizi.

Jioni ile nilirudi nyumbani, mama mkwe ananisubiri na kapu la machungwa.

Sitawasimulia nilivyomwambia. Nitasema tu kwamba aliliweka kapu chini, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Basi tutafute dawa. Mtoto atakuja akiwa na mama." Yule bibi niliyemwona adui wa miezi yangu ndiye aliyeuza mbuzi wake wawili wa Pongwe kwa ajili ya nauli.

6. Daktari aliyefukuzwa kazi

Rufaa yangu ilikuwa ya Dar, Ocean Road. Basi la alfajiri, Segera, Chalinze, na mimi dirishani nawaza nani atanitunzia maiti yangu. Neno saratani lilikuwa limenijaa kichwani hata kilomita 350 sikuziona.

Daktari aliyenipokea aliniambia kitu ambacho sikukitarajia: "Kati ya saratani zote, ukiniuliza nichague, hii ya kwako ndiyo ningechagua." Ugonjwa wa kondo ukigunduliwa mapema, ukiwa kwenye kundi la hatari ndogo, karibu wote wanapona. Hata ulioenda mapafuni, wengi wanapona. Na wengi wanaendelea kuzaa.

Na baadaye, nilipoanza kusoma, nilikutana na habari ambayo kila ninapofundisha sikosi kuisimulia. Miaka ya 1950 kulikuwa na daktari Marekani, mzaliwa wa China, jina lake Min Chiu Li. Alifanya kazi na daktari Roy Hertz kwenye taasisi ya taifa ya saratani. Wakati huo saratani ya kondo ikifika mapafuni ilikuwa ni kifo. Wakajaribu dawa inayoitwa methotreksati, na mwaka 1956 wakaandika kwamba uvimbe umeyeyuka. Saratani ya uvimbe kutibika kwa dawa peke yake, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Lakini Li alikuwa na kawaida moja. Mgonjwa picha ya kifua imekuwa safi, anakula, anacheka, kila mtu anasema amepona, yeye anapima mkojo na kuikuta HCG bado ipo, kidogo tu. Basi anaendelea na dawa. Wakubwa zake wakaona anawapa watu sumu bila sababu, anatibu namba badala ya mtu. Akaondoshwa kazini. Miaka ikapita ikaonekana: wale walioachishwa dawa mapema, ugonjwa uliwarudia. Wale aliowatibu mpaka homoni ikaisha kabisa, walipona moja kwa moja. Mwaka 1972 yeye na Hertz wakapewa tuzo kubwa ya tiba ya Marekani, tuzo ya Lasker.

Nilipoisoma nililia, kwa sababu mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake. Nilijiangalia kwenye kioo nikaamini kioo.

7. Sindano

Dawa yangu ilikuwa hiyohiyo methotreksati. Sindano siku ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, na katikati yake dawa ya kuulinda mwili. Halafu unapumzika wiki moja, unaanza tena. Mdomo uliota vidonda, nilikuwa nakunywa uji wa mchele kwa kijiko kidogo. Macho yaliwasha. Nywele zangu hazikutoka.

Na kila duru, damu inapimwa. 9,400 ikawa 2,100. Ikawa 380. Ikawa 74. Ikawa 11. Duru ya sita: chini ya 5.

Nikasema alhamdulillah, niandikieni nirudi nyumbani. Daktari akasema bado tatu. Kipimo kinaposoma sifuri, bado kunaweza kuwa na seli chache mno kwa kipimo kuzisikia. Zile duru tatu za ziada ni za hao. Safari hii sikubisha. Nilimaliza zote, kisha nikapima kila mwezi kwa mwaka mzima, na uzazi wa mpango nikautumia kama nilivyoambiwa, vidonge. Kitanzi hakishauriwi mpaka HCG irudi kawaida, kwa sababu ukuta wa kizazi unaweza kuwa dhaifu ukatoboka.

Binti yangu ana miaka sita sasa. Nilipojifungua, kondo lilipelekwa maabara kuchunguzwa, na wiki sita baadaye nikapimwa HCG tena. Ikawa kawaida. Jumapili huwa anaogelea hapa Raskazone na baba yake, bibi yake amekaa kwenye mkeka anamenya machungwa.

8. Hifadhi hii, mtumie na mwenzako

Najua wengine mtaruka mkaja hapa moja kwa moja. Karibuni.

Kwanza. Mistari miwili inasema homoni ya kondo ipo. Mtoto yuko wapi na yuko salama, hilo linajibiwa na ultrasaundi. Mimba inayotoka damu, au tumbo kubwa kuliko miezi yake, au kutapika kulikopita kiasi, usisubiri hadi miezi mitano ndipo upige picha.

Pili. Mimba ikiharibika au ukijifungua, HCG haiondoki siku hiyohiyo. Inachukua wiki kadhaa. Kwa hiyo ukipima wiki ya tatu ukaona mstari hafifu, usife kwa hofu. Lakini damu ikiendelea kutoka au kurudirudi kupita wiki sita, au kipimo bado kinaonyesha mistari miwili, hiyo ni safari ya hospitali, na ukifika sema wazi: "Niliharibu mimba tarehe fulani, naomba nipimwe HCG ya damu." Kipimo cha damu kinatoa namba, na namba mbili zikilinganishwa ndizo zinazosema kitu.

Tatu. Kama umeambiwa ulikuwa na mimba zabibu, omba uandikiwe kwenye kadi, na maliza mahudhurio yako yote. Miezi mingapi itategemea aina ya zabibu na mwongozo wa daktari wako. Zamani ilikuwa mirefu zaidi, siku hizi sehemu nyingi wameipunguza. Fuata ya daktari wako, usifuate yangu. Ukikuta kitendanishi kimeisha, uliza wapi kingine kipo, usiondoke na jibu la "rudi wiki ijayo" bila tarehe.

Nne, na hii ni kwa familia nzima. Saratani ya kondo inaweza kuja hata baada ya kuzaa mtoto mzima mwenye afya, miezi kadhaa baadaye. Mama aliyejifungua au kuharibu mimba ndani ya mwaka huo akianza kukohoa damu, sisi wote tunakimbilia kifua kikuu. Sawa, apimwe kifua kikuu, huku kipo kweli. Lakini apimwe na HCG pia. Kijiti kile kile cha bei ndogo cha duka la dawa kinaweza kuwa ndicho kinachomwokoa.

Tano, kwa akina baba mnaosoma kwa simu za wake zenu, nawaona. Kuna saratani za korodani zinazotoa HCG hiyohiyo, ndiyo maana daktari anaweza kumpima kijana wa kiume "homoni ya mimba". Msicheke. Na korodani ikivimba bila maumivu, msione haya kuonyesha.

Niongeze neno moja. Vipimo vingine vya damu vya saratani vina utata, vinaweza kupanda kwa sababu nyingine kabisa, kwa hiyo msiende kuagiza kila kipimo mnachokisikia. HCG kwa ugonjwa wa kondo ni ya kipekee: ukiwepo ugonjwa ipo, ukipungua inapungua, ukiisha inaisha. Magonjwa machache sana yamepewa shahidi mwaminifu namna hii. Inasikitisha mtu afe nalo kwa kuwa tu hakurudi kupima.

9. Yule mama wa juzi

Nilimjibu usiku uleule. Sikumwambia ana mimba, sikumwambia ana ugonjwa, kwa sababu sijui, na kwa simu hakuna anayejua. Inawezekana kabisa ni mimba mpya, na nitafurahi kuliko mtu yeyote. Nilimuuliza kama alipopewa majibu ya kusafishwa kuna mtu alimwambia neno zabibu. Akasema, "Walisema kitu kama hicho, nikadhani wananitania."

Anakaa mbali kidogo, nje ya mji. Aliniambia mume wake hatamruhusu kusafiri na "mimba changa". Nikaomba niongee na mume mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kijana wa watu, kisha akauliza, "Kwa hiyo dada, tusifurahi?" Nikamwambia, "Furahini, shemeji. Ila mleteni kwanza tupime, halafu tufurahi pamoja."

Kesho asubuhi wanakuja kwa basi la kwanza. Nimetoka zamu sasa hivi, ningepaswa kulala. Nitamsubiri getini, nitakaa naye kwenye lile benchi, na mtu akimuuliza ana miezi mingapi nitajibu mimi.

Mwombeeni dua. Na wewe unayesoma, kama una kadi ya kliniki iliyokaa kabatini na mahudhurio uliyoyaacha katikati, itoe leo. Tarehe imepita, najua. Hata yangu ilikuwa imepita. Nenda nayo hivyohivyo.

Jumapili tunarudi kwenye chanjo, inshallah. Maswali yaacheni hapa chini, ya siri njooni inbox. Usiku mwema kutoka Raskazone.